Korosho haisubiri: miaka minane nikiendesha netiboli ya akina mama huku Mtwara

Naanza na kosa langu kubwa maana bila hilo haya mengine hayaeleweki. Oktoba 2016, Jumamosi, tupo kiwanjani Tandahimba, jua la saa tisa, mistari tumeshamwaga chokaa, magoli yamesimama, timu ya mjini imeshuka kwenye kosta imebadilisha nguo inapasha. Wenyeji wapo wanne. Netiboli ni watu 7 kila upande na sheria inataka wasipungue 5 ndo mechi ianze, tukasubiri nusu saa, wanne walewale. Nikafungua daftari nikaandika ushindi kwa wageni na faini ya elfu 20 kwa wenyeji, kama katiba yetu ilivyosema.

Kapteni wao alikua mama wa makamo, rika la mama yangu mdogo. Akaja taratibu, kanga kiunoni, vidole vyeusi tiii kwa maji ya mabibo, yale matunda ya mkorosho, yale madoa ambayo hata ufue na nini hayatoki mpaka msimu uishe. Nikamwamkia, akaitikia, akaangalia daftari. Akasema, "Mwanangu, korosho zimeanguka kule chini, zikinyeshewa zinashuka daraja, nani atanilipa? Korosho haisubiri." Hakugomba. Akaweka mpira wetu chini pale kwenye duara la katikati akaondoka na wenzake watatu.

Timu ile haikurudi kwenye ligi kwa miaka mitatu, na ilikua timu nzuri mno, yule mfungaji wao mrefu alikua akipokea mpira ndani ya duara we hesabu goli tu.

Mi ni fundi cherehani, banda langu lipo Chikongola hapa mjini, netiboli nimecheza toka shule nafasi ya senta. Tulivyokaa mwaka 2015 makapteni wa timu za mtaani na vijijini tukakubaliana tuwe na umoja wetu wa ligi ya ridhaa, hamna anayelipwa, mimi nikapewa ukatibu kwa sababu moja tu, nilikua na daftari na mwandiko unaosomeka. Tulianza timu 11, Manispaa na Mikindani, Nanyamba, Tandahimba, Newala mpaka Masasi, na Masasi siyo karibu jamani, ni kama kilomita 200 kutoka mjini. Mambo ya katiba na barua ya kupitia kwa afisa michezo na muhtasari wa kikao tulifanya, yanachosha ila yanafanyika, ukikosea unarudishwa unaandika tena, sina mengi ya kusema hapo zaidi ya fanyeni mapema.

Shida yetu haikua makaratasi. Shida ilikua ratiba tuliichukua kichwakichwa. Ligi kubwa tunazozisikia redioni zinachezwa Oktoba, Novemba, basi na sie Oktoba, Novemba. Hatukumuuliza mtu.

Baada ya lile la Tandahimba nikakaa miezi kadhaa moyo hautulii. Februari 2017 nikawaita makapteni wote waje bandani kwangu, nauli tukachanga, nikatoa ile karatasi ya kaki ninayochorea patani za nguo nikaibandika ukutani nikagawa miezi 12, alafu kila kapteni nikampa chaki ya kushonea nikamwambia piga alama siku ambazo huwezi kutoka nyumbani hata uitwe na nani.

Aisee. Ile karatasi ilijaa.

Wa Newala walianza: Desemba hadi Machi mvua, kupanda na palizi. Aprili, Mei kuvuna mahindi na mpunga kwa wenye mabonde. Toka Mei watu wapo kwenye mikorosho wanapulizia salfa, dawa ya mikorosho, wanaume wamebeba mashine mgongoni ila maji ya kuoga na chakula cha vibarua nani anahangaikia, ni wao. Septemba mwishoni korosho zinaanza kudondoka na mpaka Desemba hamna mwanamke aliyekaa, asubuhi unaokota, jioni unatenganisha na bibo, unaanika, unapeleka chama cha msingi cha ushirika unasubiri mnada. Alafu kuna unyago, shule zikifungwa mwali akitolewa nyumbani kwenu we kama somo yake, yaani mlezi wake wa unyago, unaenda wapi?

Nikadhani wa mjini na wa Mikindani hawatakua na shida maana hawana korosho za kuokota. Dada mmoja wa Mikindani akasimama akachukua chaki yake akapiga vialama viwiviwili kila mwezi kuanzia Januari mpaka Desemba, nikamuuliza hivi ni nini. Akasema bamvua. Mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu maji yanakupwa mbali sana, zile siku tatu nne ndo wanawake wanaingia mwambani kutafuta pweza, hela yake ya wiki mbili ipo pale. Sasa mie nilikua nawapangia mechi siku za bamvua alafu nashangaa mbona timu ya pwani wiki moja wanakuja kumi na mbili wiki nyingine sita! Mimi nimezaliwa Mtwara, samaki nanunua feri kila siku, na sikuwahi kuliwaza hilo.

Tulikaa na ile karatasi mpaka usiku. Kilichobaki cheupe ni kipande kidogo tu, katikati ya Julai mpaka wiki ya kwanza ya Septemba. Salfa inaelekea kuisha, mvua hamna, korosho bado. Na Ramadhani ilikua haipo, maana inarudi nyuma siku kama 11 kila mwaka, 2017 iliangukia Mei na Juni. Basi ligi nzima tukaihamishia hapo, makundi mawili, la uwandani na la pwani, ili timu zisisafiri hovyo, na kundi la pwani kabla sijaandika tarehe naangalia mwezi kwanza. Mpaka leo kalenda yangu ni ile inayoonyesha miandamo, nimeitundika juu ya cherehani.

Tuliogopa wenzetu watatuona tunacheza ligi ya peke yetu nje ya msimu. Lakini angalia, 2020 michezo iliposimamishwa nchi nzima Machi kwa ajili ya corona na kuruhusiwa tena Juni, sie hatukupoteza hata mechi moja, tulianza Julai kama kawaida yetu.

Tarehe zilivyokaa sawa ikabaki saa. Kiangazi hichohicho kilichotupa nafasi ndo kipindi cha shida ya maji kule juu kwenye uwanda wa Makonde, mtu anaweza kukaa foleni ya bombani toka alfajiri. Kwahiyo asubuhi haiwezekani. Saa tisa jua kali. Saa kumi mtu ameshapika, ameshapata maji, ila jua linazama saa kumi na mbili na kitu, na mwanamke anatakiwa awe kwake kabla ya magharibi, hilo wala sibishani nalo, kuna mabinti pale wasipofika nyumbani mapema wiki ijayo hawaji tena. Mechi kamili ni robo 4 za dakika 15, hiyo ni saa nzima ya mpira kabla hujaweka mapumziko, mechi mbili kwa jioni moja hazienei. Tukapunguza robo ziwe dakika 10. Waamuzi walinuna, wakasema siyo netiboli hiyo. Nikawaambia fainali tutacheza dakika 15 kama kitabu kinavyosema, ila mechi za makundi nataka watu wafike nyumbani kwao. Msimu ule hatukuwa na timu hata moja iliyoshindwa kufikisha watu.

Kuna jambo lingine hili nalipenda kuliko yote tuliyofanya. Mwaka 2017 timu moja ya Nanyamba ilikua na goli kipa mzuri sana, anaruka huyo, alafu akapotea. Nikauliza, nikaambiwa amejifungua. Nikangoja miezi minne, sita, kimya. Nikamfuata nyumbani siku nimeenda kupeleka sare za shule za wateja wangu. Nimemkuta anatwanga kisamvu mtoto mgongoni, mzima, ana nguvu zake, mume wake nikamsalimia tukaongea vizuri tu hana neno. Sasa mbona huji mazoezini? Akaniambia, "Dada, nikisimama golini mtoto nampa nani?" Basi. Ndo hilo tu. Sie tulikua tunajiambia waume wanakataza, waume wanakataza, na wapo wanaokataza kweli nisidanganye, ila nilivyokuja kuulizia timu kwa timu wengi waliopotea walipotea kwa ajili ya hilo la mtoto nampa nani.

Tukatafuta bibi. Kila timu mwenyeji inatafuta bibi mmoja anayeaminika, anatandika mkeka chini ya mkorosho au mwembe wa karibu na kiwanja, watoto wote wa wachezaji wa timu zote mbili wanakaa pale, ndoo ya maji safi, uji kwenye chupa ya chai, na bibi anapewa elfu 2 kwa mechi kutoka kwenye mfuko wa ligi. Elfu 2! Hela ya chokaa ilikua zaidi ya hiyo. Yule goli kipa alirudi, na mapumziko ya katikati tukayarefusha kidogo kwa sababu kuna wanaonyonyesha, utaona kapteni anaongea na timu na wengine wamekaa kwenye mkeka wamepakata watoto wanaitikia kwa mbali. Nikiona vile huwa napata faraja siwezi kuielezea.

Hela sasa.

Sikuiba hata shilingi, ila nilifika mahali naitwa mwizi na walioniita hawakua na kosa. Miaka miwili ya kwanza hela ya umoja ilikua inakaa kwenye simu yangu, hiyohiyo ninayopokelea hela za wateja wa nguo. Mtu anatuma ada ya timu elfu 30, mwingine anatuma hela ya gauni, mi nalipa kosta, nalipia chokaa, bodaboda wa kupeleka mipira Nanyamba, maji, vyote hivyo havina risiti, huwezi kumwambia bodaboda nipe risiti. Nikikosa ya umoja naongezea yangu, sijaandika, nikikopa ya umoja kununua vitambaa narudisha kesho yake, sijaandika. Kikao cha mwisho wa 2017 ikapigwa hesabu ikakosekana laki moja na elfu 80. Nilikua najua kabisa nimetumia za kwangu nyingi kuliko hizo lakini naonyesha nini? Kapteni wa Masasi, mtu tunayeheshimiana, akauliza mbele za watu, "Dada katibu, sasa sie tukamwambie nini aliyechanga?"

Nililia usiku ule. Alafu nikaona amesema ukweli. Nikalipa ile laki na 80 kwa miezi mitatu, na tukabadilisha utaratibu: laini ya simu ya umoja peke yake, siri yake anayo mweka hazina, simu yenyewe inakaa kwa mtu mwingine kabisa, hela haitoki mpaka wawili hawa wakae pamoja. Kisichokua na risiti kinaandikwa kwenye daftari na aliyelipwa anasaini au anaweka dole gumba, bodaboda, bibi wa watoto, muuza chokaa, wote. Na kila baada ya mechi za Jumamosi kabla watu hawajapanda gari daftari linasomwa kwa sauti palepale uwanjani, imeingia hii, imetoka hii, imebaki hii. Inachukua dakika tano. Mwanzoni watu walikua wanapiga stori, baadae wakaanza kusahihisha, "hapana dada, maji yalikua elfu 6 siyo 7." Hapo ndo nikajua umoja umeshakua wa kwao.

Na daftari hilo lilitusaidia msimu wa korosho wa 2018. Bei ilitangazwa shilingi 3,300 kwa kilo, watu wakafurahi, ila hela ilichelewa kufika mikononi mwa wengi na ada za timu za 2019 nyingi zinategemea hela hiyohiyo. Kwa sababu kila mtu anajua mfukoni kumebaki ngapi hakukua na mabishano, tulikubaliana timu za uwandani zilipe nusu, nusu nyingine baada ya mnada wa mwaka unaofuata. Zote zililipa, ikiwemo iliyokua ya mwisho kwenye msimamo.

Wadhamini nawagusia tu. Kuna bwana mmoja alikuja na ahadi ya jezi za timu zote, mipira 20 na ng'ombe wa fainali, sharti fainali iwe Novemba siku atakayokuwepo yeye na wageni wake. Kikao kilikua kizito, jezi zetu zilikua zimechakaa mpaka herufi za nafasi za wachezaji kwenye vizibao, GS, GA, C, nilikua nazishona upya kila mwezi kwa mkono. Wa mjini walitaka tukubali. Nikabandika ile karatasi ya kaki ukutani nikanyamaza. Kapteni wa Newala akainuka akaweka kidole kwenye Novemba, akasema sie hatuwezi, chezeni wenyewe. Tukapiga kura, tukakataa, tofauti ya kura mbili. Wapo walioniambia nimewanyima watoto wa watu jezi na inaniuma mpaka leo, ila ningepeleka fainali Novemba nusu ya ligi ingebaki porini inaokota.

Vizibao nilishona vipya mwenyewe, kitambaa cha pamba tulichangishana, gharama za uzi nikatoa mimi na safari hii niliandika.

Kuhusu waamuzi, mwaka 2019 mashindano ya shule, UMITASHUMTA ya msingi na UMISSETA ya sekondari, yalifanyika hapahapa Mtwara na waamuzi walikuja toka mikoa yote, niliwaomba mabinti zetu wanne wakae pembeni waangalie wanavyofanya, wanasimamaje, wanapigaje filimbi mtu akitembea na mpira au akikaba karibu chini ya futi 3. Walichojifunza zaidi ni ukaguzi wa kabla ya mechi. Kucha ziwe fupi, hereni hamna, pete ya ndoa kama hutaki kuvua unaifunga plasta. Huku kwetu ikazaa swali la mitandio maana wachezaji wengi ni Waislamu na mtandio unafungwa kwa pini, na pini usoni kwa mwenzio ni hatari. Nikakaa kwenye cherehani nikashona mitandio ya kuvaa ya kitambaa cha jezi, haina pini, inaingia kichwani inakaa. Na suruali ya kubana ndani ya sketi kwa anayetaka. Mama mkwe wa mchezaji mmoja alikuja kuangalia, akaangalia weee, akasema kumbe mnavaa vizuri tu, na wiki iliyofuata akaja yeye kuwa bibi wa mkeka.

Aprili 2019 nayo siisahau, kile kimbunga Kenneth kilikua kinakuja upande wetu na tarehe 25 watu wa mabondeni waliambiwa wahame na shule zilifungwa. Tulikua na kikao cha makapteni siku hiyohiyo mjini na wengine walishaanza safari. Grupu ya WhatsApp tulikua nayo ila kapteni nusu nzima hawana simu za hivyo. Nilipiga simu mpaka salio likaisha nikakopa. Kimbunga chenyewe kikashukia Msumbiji, sisi tukanusurika. Toka hapo kila kapteni ana wenzake wawili anaowajibika kuwapigia, na kila mmoja wa hao ana wawili wake, ujumbe unafika Masasi ndani ya nusu saa bila intaneti.

Julai hiyohiyo ya 2019 nilienda Tandahimba. Lami wakati ule ilikua haijafika kule, ni vumbi tupu, nilifika mwekundu nywele hadi viatu. Sikwenda na barua. Nilibeba mpira na ile karatasi ya kaki nimeikunja kwenye mfuko wa rambo. Yule mama nilimkuta uani anamenya ming'oko, vile viazi vya porini, nikaamkia, nikakaa chini kwenye kigoda alichonipa, nikamwambia mama nimekuja kuomba radhi, ile faini nimeifuta na mechi mlizoandikiwa kushindwa nimezifuta, na nimekuletea ratiba uipige alama mwenyewe. Akaikunjua mapajani. Akapitisha kidole mwezi kwa mwezi, Oktoba hamna mechi, Novemba hamna mechi. Akaita mwanae ndani, "We! Njoo uone, wameandika korosho."

Yule binti ndo aliyekua mfungaji wao misimu yote iliyofuata.

Mwaka 2023 niliachia ukatibu, miaka minane inatosha na macho yangu ya kutungia uzi siyo yaleyale. Aliyechaguliwa ni dada wa Mikindani, yule wa bamvua. Siku ya kukabidhi nilimpa laini ya simu, madaftari sita, muhuri, kitabu cha sheria na ile karatasi, imechanika kwenye mikunjo nikaipigia kitambaa kwa nyuma. Nilitaka nimweleze mambo mengi ila alishatoa simu mfukoni anampigia kapteni wa Newala, nikamsikia anaamkia, anauliza habari za watoto, habari za mama, alafu akauliza, "Salfa mwaka huu mnamaliza lini?"